Mbozi Misheni na Deni la Mtu

Ivuna, kwenye bonde la Rukwa wilayani Momba, inajulikana mbali kwa vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi. Brian Fagan na John Yellen, wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960, walikuta mabaki ya kazi ya kuchemsha chumvi iliyoanza tangu karne ya 13. Cha pili ni kimondo kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa ni gramu 705 tu, lakini wanasayansi wa anga wameliita kundi zima la mawe adimu ya aina hiyo kwa jina la kijiji hiki.

Ipo historia ya tatu ambayo haijulikani hivyo, nayo inastahili kuadhimishwa zaidi ya mawe. Ni historia ya watu wa bonde hili na wa nyanda za juu za Unyiha walipopata mahali pa kukimbilia. Ukipanda kutoka Ivuna, ukaacha joto la Rukwa, ukafika kwenye baridi na mashamba ya kahawa ya Mbozi, utakutana na jina la Mbozi Misheni, kituo cha Wamoraviani kilichofunguliwa mwaka 1899. Hospitali yake ipo hadi leo chini ya Kanisa la Moravian, Jimbo la Kusini Magharibi. Kabla kazi ya huko haijawa ya dawa na wodi, ilikuwa kazi ya kumpokea mtu anayedaiwa na wenye nguvu kuliko yeye. Naandika kwa kuamini kwamba huduma ya afya ya kanisa katika mkoa wa Songwe isiposimuliwa kuanzia hapo, haieleweki.

Tuuangalie ukanda huu ulivyokuwa miaka ya 1880. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika waliishi Wanyiha, wafua chuma hodari, Wanamwanga, Wawanda wa bondeni, Wasafwa, Wamambwe. Wengi walikuwa na machifu wadogo waliojificha ndani ya maboma ya miti. Kusini walikuwapo Wabemba, waliovamia kutafuta mateka. Mashariki walikuwapo Wasangu wa Merere na jeshi lao. Karibu na Karonga alikuwapo Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watu, aliyeanza kupigana na kampuni ya Waingereza mwaka 1887, na mwishowe akakamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Mtu alibadilishwa kwa nguo, baruti au pembe ya ndovu.

Lakini wavamizi hawakuwa hatari pekee. Hata ndani ya kijiji, mwanamke au mtoto aliweza kutolewa kama fidia ya kesi, au kuwekwa rehani kwa deni la mjomba wake. Kesi ikiisha vibaya, mzee alitoa binti. Njaa ikija, mtoto alikwenda kwa mwenye chakula. Huyo hakuitwa mtumwa siku ya kwanza. Aliitwa dhamana. Miaka ikipita, ndugu wakifa au wakihama, dhamana ile haikukombolewa tena.

Tunayajua haya kwa sababu wachache walipata nafasi ya kusimulia. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian aliyeishi kwa Wasafwa na kuandika juu yao kitabu cha juzuu tatu, aliketi na wanawake wazee wa vituo vya misheni akaandika maisha yao kama walivyomweleza. Masimulizi hayo yalichapishwa kwa Kijerumani, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyaweka pamoja kwa Kiingereza katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake wa eneo hili. Nasikitika kwamba mwanafunzi wa sekondari wa Vwawa au Tunduma hakutani nayo darasani kwa Kiswahili, ingawa yanawahusu bibi wa bibi zake.

Mmoja wa wasimuliaji anaitwa Narwimba. Mumewe alipofariki, hakuwa na wa kumkinga yeye na watoto wake, akaenda mwenyewe kwa jamaa wa marehemu akaomba arithiwe. Soma tena hapo: mjane anaomba arithiwe, maana kubaki bila mwanamume wa kumsemea ni kubaki mali isiyo na mwenyewe. Maisha yake yaliyofuata yamejaa kutekwa, kukimbia, na hofu ya kunyang'anywa watoto na wajukuu. Mwingine ameandikwa kwa majina matatu yaliyounganishwa, Chisi-Ndjurisiche-Sichyajunga. Alitekwa angali mdogo akapita mikononi mwa watu kadhaa. Yupo pia Msatulwa Mwachitete, mtoto wa ukoo wa kichifu aliyetekwa utotoni, akarudi kwao, na baadaye akawa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo waliofanya kazi bega kwa bega na misheni ya Mbozi.

Wamisionari wenyewe walikuwa wamefika kusini mwa nchi mwaka 1891, wakajenga kituo cha kwanza Rungwe chini ya uongozi wa Theodor Meyer. Mwenzao mmoja, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo wa kwanza. Mwingine, Johannes Häfner, aliendelea na kazi. Vituo vya Ipyana na Rutenganio vilifuata, kisha Utengule mwaka 1895. Mbozi ilikabidhiwa kwa Traugott Bachmann na mkewe.

Wamisionari hao walitoka katika kanisa lenye kumbukumbu ndefu ya mateso. Mzizi wake ni Jan Hus, mhubiri wa Praha aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa kukataa kukana alichoamini. Ndugu wa kanisa hilo, waliofufuka upya huko Herrnhut, Ujerumani, walituma wamisionari wao wa kwanza mwaka 1732 kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha Saint Thomas. Historia hiyo husimuliwa kwa fahari kwenye sikukuu za kanisa, na ni haki isimuliwe. Ila haki hiyohiyo inatutaka tuongeze kwamba kwenye visiwa vile misheni ya Wamoraviani ilimiliki mashamba, na pamoja na mashamba ilimiliki watumwa. Waliwabatiza watu, wakawaita ndugu, na bado wakawaandika kwenye daftari la mali. Kanisa linaloadhimisha kazi yake ya huduma lisilifiche jambo hili. Linatuonyesha kwamba huruma inaweza kuishi nyumba moja na udhalimu kwa miaka mingi bila kugombana nao.

Ndiyo maana kilichotokea kwenye vituo vya ukanda wetu kina uzito. Wakimbizi walipofika, wengi wao wanawake wenye watoto mgongoni, kuwapa uji na dawa ya kidonda halikuwa jambo gumu. Kazi ilianza kesho yake, mwenye mali alipokuja na wapambe wake kudai mtu wake. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imejenga maboma na kutoza kodi ya kibanda tangu mwaka 1898, lakini haikuwa imefuta utumwa. Iliamuru tu, mwaka 1904, kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru. Tanganyika haikupiga marufuku utumwa kisheria hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1900, "Huyu harudi," hakuwa na sheria kamili nyuma yake. Alikuwa na mlango wake na neno lake tu.

Nisiwapambe wamisionari kuliko walivyokuwa. Walikuja na ulinzi wa dola iliyokuwa ikiitiisha nchi kwa bunduki. Walikuwa na amri zao juu ya ngoma, pombe na mavazi, na aliyekaa kwenye ardhi ya misheni aliishi kwa masharti ya misheni. Mwanamke aliyekimbia bwana mmoja angeweza kujikuta chini ya usimamizi wa bwana mwingine mpole zaidi. Pamoja na hayo, tofauti ilikuwapo, na wenyewe waliiona: mtoto wake hakuweza kuchukuliwa usiku kulipa deni asilolijua.

Bachmann ananivutia kwa jambo moja kuliko yote. Mafundisho ya kawaida ya misheni nyingi yalidai kwamba mwanamume mwenye wake wengi awaache wote ila mmoja ndipo abatizwe. Kwenye karatasi ni kanuni safi. Lakini Mbozi, mke aliyeachwa alikuwa nani? Alikuwa yuleyule Narwimba: hana mwanamume wa kumsemea, watoto wake ni wa ukoo wa mume, shamba si lake. Kanuni ya kanisa ingemrudisha kwenye hatari ileile ambayo kanisa lilidai kumwokoa nayo. Bachmann, aliyekaa na Wanyiha hadi akaijua lugha yao vizuri na kutafsiri Agano Jipya lote lililochapishwa kwa Kinyiha mwaka 1913, aliishia kukubali kuwabatiza waume hao pamoja na nyumba zao zote. Wenzake wengi hawakukubaliana naye. Hakuwa akiutetea uke wenza. Alikuwa ameuliza swali ambalo mwenye kuhudumia watu hana budi kuuliza kabla ya kutekeleza amri yoyote: nani ataumia nikitii?

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini. Wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa, wakapelekwa kizuizini. Bachmann aliondoka Mbozi baada ya miaka kama 17, na aliishi hadi mwaka 1948. Hapo ndipo taasisi ilipopimwa kweli, na hapo ndipo vitabu vya maadhimisho hupita haraka. Mzungu ameondoka. Vijana wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Ghala zimechukuliwa na askari wa pande zote mbili. Mwishoni mwa mwaka 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita na watu wake kwenye nyanda hizi akielekea Fife, ng'ambo ya mpaka, wiki chache kabla ya kuweka silaha chini Abercorn. Nyuma ya majeshi ikaja homa kali ya mafua iliyoua duniani kote, nayo ikakuta miili iliyokwishadhoofu kwa njaa.

Waliobaki kuuguza wagonjwa na kuzika wafu ni walimu wa vijijini, wazee wa kanisa na wanawake waliojua mitishamba na uzazi. Misheni ya Waskoti kutoka Livingstonia ilisaidia kuvisimamia vituo hivyo hadi Wamoraviani waliporejea katikati ya miaka ya 1920, lakini wasimamizi hao walikuwa wachache na mbali. Kwa karibu miaka 10 Mbozi iliendeshwa na watu ambao, miaka 20 tu kabla, wangeweza kuuzwa. Hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba kazi ile ilikuwa imeshika mizizi. Kama taasisi hii ina waasisi, basi ni hao, na mchango wao hauna budi kutajwa mbele ya kila jiwe la msingi.

Mpaka wa mwaka 1890, uliochorwa kati ya Wajerumani na Waingereza, uliwagawa Wanamwanga pande mbili, na ng'ambo ya pili ya Tunduma kulikuwa na kituo kingine, Mwenzo, cha Waskoti wa Livingstonia. Dk. James Chisholm alifika hapo mwaka 1900 akahudumu kwa miongo. Watu wa Unamwanga hawakuuheshimu sana mstari ule walipougua, kama ambavyo leo hawauheshimu sana wakienda Nakonde sokoni. Mwenzo inastahili kutajwa katika historia hii kwa sababu ya walimu wake. Mwaka 1912 Donald Siwale, David Kaunda, Peter Sinkala na wenzao walianza mazungumzo ya kuunda chama cha ustawi wa Waafrika. Vita vikakatiza, wakakifufua mwaka 1923. Walijadili kodi na mzigo wake kwa watu wa kawaida, na wakapeleka hoja zao kwa maofisa wa serikali kwa maandishi na kwa heshima, lakini bila kunyenyekea. Kilikuwa chama cha kwanza cha aina hiyo katika Rhodesia ya Kaskazini. Mtoto wa David Kaunda, Kenneth, akawa rais wa kwanza wa Zambia. Waliopata elimu katika misheni yenye hospitali waliona mapema kwamba baba akikosa kodi na kulazimika kwenda migodini, mtoto wake atarudi wodini hata akipewa dawa nzuri namna gani.

Miongo iliyofuata naipita upesi. Zilikuja zahanati, wodi za wazazi, kliniki za watoto, na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Isoko, katika milima ya Ileje, nayo ikapata hospitali ya Wamoraviani inayotegemewa hadi leo na watu wa mpakani. Vita vya Pili viliwaondoa Wajerumani tena, na uongozi wa kanisa ukaingia mikononi mwa Watanganyika wenyewe.

Baada ya Azimio la Arusha swali la haki lilisemwa kwa sauti kubwa zaidi. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliliambia kanisa kwamba kutoa sadaka kwa maskini hakutoshi kama kanisa linanyamazia mifumo inayowafanya wawe maskini. Hakuwa akibeza hospitali za misheni. Nchi ilizihitaji mno. Mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida, mashirika ya kujitolea yaliyoidhinishwa, yakiwamo ya dini, yaliachwa yaendelee, maana vijijini mara nyingi hapakuwa na mwingine. Mwaka 1992 serikali na makanisa waliwekeana hati ya makubaliano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kuratibu shule na hospitali za Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja. Tangu hapo muuguzi wa hospitali ya kanisa amekuwa na waajiri wawili, mmoja wa mbinguni na mmoja wa halmashauri, na mara nyingi mshahara wa huyo wa pili ndio unaoiweka wodi wazi.

Kisha ukaja ukimwi. Tunduma ni mji wa malori, na mkoa wa Mbeya, ambao hadi mwaka 2016 ulijumuisha Songwe ya leo, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, huduma kwa wagonjwa wa majumbani ilikuwa kugeuza mgonjwa kitandani, kumwosha, kumlisha, na kukaa naye pale ndugu walipoogopa kumgusa. Hicho ndicho kipande cha ujasiri ambacho kila mtu anakikumbuka. Kipande cha haki kilikuja baada ya mazishi. Mjane aliambiwa amemuua mumewe kwa uchawi au kwa umalaya, akavuliwa godoro, mabati, shamba, na wakati mwingine watoto. Muuguzi aliyekuja kila wiki na sabuni na panadoli akajikuta ndiye mtu pekee aliyejua marehemu aliugua nini na lini. Alikuwa na uamuzi wa kufanya: afunge faili, kwa kuwa mgonjwa wake amekufa, au aandamane na mjane hadi kwa mtendaji wa kijiji, kwa mchungaji, kwenye baraza la kata, akaseme. Walioandamana nao walifanya kazi ya uuguzi kamili. Narwimba angewatambua.

Historia hii inatufikisha kwenye jambo ambalo maadhimisho mengi hulikwepa. Katika hospitali nyingi za nchi yetu, za serikali na za dini, mama aliyejifungua kwa upasuaji na kushindwa kulipa amewahi kuzuiwa wodini baada ya kuruhusiwa na daktari, na maiti zimewahi kuzuiwa mochwari hadi ndugu wauze ng'ombe. Wizara ya Afya imekwishakataza kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya watu wabaya. Hospitali ya kanisa haina ruzuku ya kutosha; dawa, umeme na mishahara vinalipwa kwa fedha za wagonjwa; wapo wanaoweza kulipa na wakatoroka. Mhasibu anayelilia dirisha la malipo anajaribu kuzuia wodi isifungwe.

Lakini taasisi iliyoanza kwa kumkinga mtoto asitolewe kulipa deni haiwezi kumshikilia mtu kwa deni, hata kwa siku mbili, na ikabaki taasisi ileile. Mama aliyekaa kitandani siku ya nne baada ya kupona, kichanga mkononi, akisubiri shemeji apate mnunuzi wa mahindi Mlowo, amewekwa rehani. Deni lidaiwe kwa barua, kwa makubaliano ya kulipa kidogokidogo, kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kuthibitisha nani hana kabisa. Mtu mwenyewe aende nyumbani. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utekelezaji wake ukifika kweli hadi kwa mkulima wa ufuta na mchuuzi wa chumvi wa Ivuna, sehemu kubwa ya tatizo hili itapungua. Mpaka siku hiyo, gharama ya haki inabebwa na mtu, na ni bora ibebwe na jumuiya nzima kuliko mama mmoja.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa washirika wa Mbozi, Isoko na vituo vyote vya kanisa mkoani Songwe. Bodi za hospitali ziandike katika kanuni zao kwamba hakuna mgonjwa wala maiti atakayezuiwa kwa deni, na shirika zitenge sadaka maalumu kwa mwaka kuziba pengo hilo, kwa kiasi kinachotangazwa hadharani. Na wazee wanaokumbuka majina ya wauguzi, wakunga na walimu waliobaki kazini tangu miaka ya vita hadi miaka ya ukimwi wayapeleke ofisi ya ushirika wao yaandikwe kitabuni wakati wenyewe wangali hai kuyataja.